Ofisi ya tiketi za ndege pale Lumumba Kigoma, kwa wanaounganisha ndege Dar pitieni hapa kwanza

Kama unatoka Kigoma kwa ndege na safari yako haiishii Dar, yaani ukifika Dar unaunganisha nyingine kwenda nje, naomba usilipie tiketi kwenye simu kabla hujapanda zile ngazi za Lumumba. Kuna ofisi ndogo ya tiketi barabara ya Lumumba, ghorofani, pembeni ya duka la vitenge, ndani kuna kompyuta moja, kalenda kubwa ya ukutani imechorwachorwa na peni nyekundu, na dada mmoja mpole ila ana msimamo balaa. Nimemkatia baba mdogo tiketi ya kwenda India kutibiwa pale, nimeenda nae nimerudi nae salama, na tangu hapo ndugu wote nawatuma huko. Jina la ofisi siliandiki mana sijamuomba ruhusa, lkn ukifika Lumumba ukauliza yule dada anayewakatalia watu tiketi utaonyeshwa.

Ndo sifa yake kubwa hiyo, anakataa kuuza. Nilienda pale nikiwa nimeshaona tiketi mtandaoni, Kigoma hadi Dar mchana, usiku huohuo Dar hadi Addis, Addis hadi Mumbai, bei nzuri na masaa yanafuatana vizuri kabisa, nikamwonyesha kwenye simu nikamwambia dada nitafutie kama hii. Hakuangalia hata bei. Akauliza, "Mzee anaonana na daktari tarehe ngapi?" Nikamtajia. Akainuka akaenda kwenye kalenda, akaizungushia ile tarehe, akaanza kuhesabu kurudi nyuma, siku ya mzee kupumzika Mumbai kabla ya hospitali, siku ya kufika, usiku wa kuruka Dar, halafu akaacha nafasi tupu, ndo akaandika Kigoma. Nikamuuliza hiyo tupu ni ya nini, akasema, "Hapo ndo ndege ya Kigoma itapochelewa dada'angu." Akaniambia ile ya kwenye simu yeye haniuzii, kama naitaka niende nikailipie mwenyewe ila mzee asije akakaa uwanjani Dar na bahasha ya hospitali mkononi ndege ikiwa imeshaondoka.

Nataka nieleze alivyonifafanulia mana kwa mtu wa huku hili ni la kulijua kuliko hata bei. Ndege inayokubeba kutoka Kigoma kwa kawaida inakuwa imetoka Dar. Inakuja na abiria wa huku, inashusha, inapakia, inageuza, na kuna siku inapitia Tabora au Mpanda kwanza. Kwa hiyo ikichelewa kuondoka Dar, ikasubirishwa kidogo Tabora, wewe uliyefika uwanjani mapema na kila kitu chako umeshachelewa bila kosa lolote na hakuna unachoweza kufanya. Kila mahali duniani wanashauri panda ndege ya kwanza ya asubuhi mana ucheleweshaji unajilimbikiza kadiri siku inavyoenda, ni kweli, lkn sisi wa mwisho wa reli ndege ya kwanza ya asubuhi ni ya wanaokuja huku, sisi tunapata ya kugeuza. Na hizi za pangaboi zinazokuja sana huku, Dash 8 Q400, zinabeba watu 76, sasa ikifutwa ya leo fikiria watu wote hao wanataka kuingia kwenye ya kesho ambayo nayo ilishajaa kabla yenu. Ndo mana kufutwa kwa ndege moja huku kunaweza kukulaza siku kadhaa, wakati anayetoka Mwanza au Kilimanjaro anaweza kupata nyingine jioni yake.

Hapo sijaweka mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili hivi radi za huku kila mtu anazijua, mawingu yanajengeka joto la mchana likishapanda, rubani akiona hapaeleweki anazunguka au anarudi, na ni haki yake, hakuna anayetaka ashuke kwa kulazimisha. Uwanja ukiwa hauna taa za njia ya kurukia ndo kabisa, ndege ikichelewa mpaka jua linakaribia kuzama haiji, mpaka kesho. Kuna na ya kiufundi pia, mwaka 2022 zile Airbus A220 za Air Tanzania zilisimamishwa kwa shida ya injini za Pratt & Whitney, shida iliyokuta mashirika mengi duniani sio la kwetu tu, na nchi yenye ndege chache ikisimama moja ratiba nzima inayumba mana hiyohiyo iliyotakiwa kuja Kigoma ndo inaitwa ikazibe pengo kwingine.

Yeye kanuni yake ni kwamba ukiwa unaunganisha Dar kwa tiketi mbili tofauti unafika Dar siku moja kabla, na kipindi cha mvua au ukiwa na jambo lisilosubiri kama hospitali, mtihani, Hija, viza inayokwisha, anaongeza nyingine. Anasema gesti ya Dar ni gharama unayoijua, ndege uliyoikosa huijui itakula shilingi ngapi.

Sasa hili la tiketi moja au mbili, hapa alikaa na sisi muda mrefu mpaka watu wengine waliokuwa wanasubiri wakawa wanasikiliza nao. Ukikatiwa safari yote kwenye bukingi moja, namba moja ile ya herufi na tarakimu sita, toka Kigoma mpaka unakoishia, basi mguu wa kwanza, yaani ndege ya kwanza ya safari yako, ukichelewa ukakosa wa pili, shirika ndo lina kazi ya kukutafutia ndege nyingine bila kukuuzia tiketi upya, na begi mara nyingi linaandikwa hadi mwisho hulishiki Dar. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, yule wa ndege ya pili hakujui. Hajali kama umechelewa kwa mvua ya Kigoma au kwa ajali, kwake yeye hukutokea, na tiketi nyingi za bei chee ukishahesabiwa hukutokea hela imekwenda. Begi nalo unalichukua mwenyewe Dar, unatoka nje, unaenda kuchekini upya. Na ukiunganisha hivyo nchi ya watu, kwa mfano umekata Dar hadi Dubai kivyake na Dubai kwenda mbele kivyake, ili ulifuate begi inabidi uingie nchini kwao, yaani uwe na viza yao, na kuna watu wanazuiwa Dar pale kaunta kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo kila safari anaanza kutafuta kama inawezekana bukingi moja. Kwetu alianza na ya moja kwa moja ya Air Tanzania Dar hadi Mumbai, akasema ndege isiyounganisha haina cha kukosa, ila siku zake hazikuoana na miadi ya mzee. Ndo akaenda kwenye ya Addis, Dar hadi Mumbai kwenye bukingi moja, na Kigoma hadi Dar ikabaki tiketi yake peke yake, na kwa sababu hiyo akaweka ile nafasi tupu ya kwenye kalenda.

Kuna mtego mwingine kwenye bukingi moja na watu wa Kigoma wananaswa sana, sikilizeni hapa. Umekatiwa Kigoma, Dar, hadi Guangzhou kwa mfano, kwenye namba moja, halafu wewe una mzigo wa biashara unaamua ah ngoja nitangulie na basi, ndege nitaikuta Dar. Ukiruka mguu wa kwanza bila kuwaambia, mfumo unafuta na miguu yote iliyobaki, unafika Dar umechoka na barabara unaambiwa tiketi haipo. Ukitaka kubadilisha namna hiyo unapiga simu kwanza, wanarekebisha kama aina ya tiketi yako inaruhusu, unalipa tofauti kama ipo, ndo unapanda basi lako.

Na ikawa kama alivyosema. Siku yetu tumefika uwanjani asubuhi, mzee ameshavaa koti lake, tukaambiwa ndege haijatoka Dar, tukasubiri, tukasubiri, mchana mvua ikashuka ile ya ziwani, baadae wakatangaza mpaka kesho. Shirika silitaji, wafanyakazi wa pale walihangaika walivyoweza. Kuna kijana mmoja alikuwa anaunganisha usiku uleule kwenda kusoma, nilimuonea huruma sana, alikuwa anatembea huku na huku na simu sikioni. Sisi tukarudi nyumbani tukalala, kesho yake ikaja, tukafika Dar jioni na usiku mzima mbele yetu kabla ya ndege ya nje. Ningekuwa nimechukua ile ya kwenye skrinshoti tiketi ya mzee ya Mumbai ingekufa pale.

Kitu ambacho alitufundisha na mpaka leo nakitumia ni kuifuatilia ndege inayokuja, sio inayoondoka. Kwenye programu kama Flightradar24 unaandika namba ya ile inayotoka Dar kuja Kigoma, kama bado iko chini Dar basi una masaa zaidi ya mawili mbele yako hata kama ubao bado unaonyesha iko kwa wakati, mana Dar hadi huku pangaboi inachukua kama masaa mawili na nusu. Na yeye mwenyewe asubuhi ya safari anaangalia, alitutumia meseji wasap kabla hata uwanja haujatangaza, "Dada bado ipo Dar, mpeni mzee chakula cha kutosha." Kwa mgonjwa wa sukari meseji kama hiyo ni kubwa sana kuliko mnavyofikiri.

Masaa sasa. Naomba hapa wazee na wanaowasafirisha wazee wawe makini mana ndo wengi tunapoachwa na ndege, na mvua haihusiki. Tiketi inaandika saa kwa mtindo wa 24, na sisi tunahesabu saa zetu. 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, mtu anaona 7 anakariri saa saba basi imeisha hiyo. Mbaya zaidi ni hizi ndege za nje za usiku wa manane, tiketi inasema tarehe 15, 03:40, mtu anajua tarehe 15 ndo siku ya safari anakuja uwanjani tarehe 15 jioni amependeza, wakati hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15, alitakiwa awe uwanjani tarehe 14 usiku. Huyu dada anachofanya anaprinti tiketi halafu kwa mkono juu yake anaandika kwa Kiswahili chetu, "Uwe uwanjani Jumatano saa sita usiku, ndege saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia Alhamisi." Na akaniambia nimsomee mzee kwa sauti, mzee akarudia. Kitu kidogo lkn sijaona ofisi nyingine inafanya.

Halafu saa za nchi. Addis na Nairobi saa ni kama yetu, Dubai wako mbele lisaa limoja, India masaa mawili na nusu, ukiona kwenye tiketi ndege inaondoka saa fulani na kufika saa fulani ni saa za pale inapoondoka na pale inapofika, usitoe hesabu moja kwa moja. Na kwa sisi wa mpakani, Burundi na upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa wako nyuma yetu lisaa limoja. Ukiwa Manyovu au Kagunga simu ikidaka mtandao wa Burundi na umeiacha ijipangie saa yenyewe, inarudi nyuma lisaa, ukiweka alamu ya safari umekwisha. Kazimeni ile kitu siku za safari.

Kwenye kuunganisha kule Addis zilikuwepo mbili, moja inasubiri chini ya lisaa na nyingine masaa kama manne. Ya muda mfupi ilikuwa na bei nafuu kidogo na unafika mapema, na mfumo unaiuza bila tatizo mana kila uwanja una muda wa chini kabisa unaoruhusiwa kuunganisha, ikizidi hapo hata kwa dakika chache mfumo unasema sawa. Lkn mfumo haujui kwamba abiria ni mzee anatembea polepole, kwamba viwanja kama Addis na Dubai ndege zinaingia kwa mafungu, zinatua nyingi kwa pamoja na wote mnaenda kupanga foleni moja ya ukaguzi, kwamba ukikaa siti za nyuma unatoka wa mwisho, na mlango wa ndege inayofuata unafungwa kabla ya saa iliyoandikwa. Tukachukua ya masaa manne. Akatuombea na kiti cha magurudumu, ni bure, unaomba wakati wa kukata tiketi au angalau siku mbili kabla, na anayesukuma kiti anajua njia zote, mzee alipita foleni ya wenye uhitaji mimi namfuata nyuma. Kwa kweli kama una mzazi anayeenda kutibiwa usione aibu kuomba hicho kiti hata kama anatembea.

Kurudi alifanya tofauti. Akasema kurudi Kigoma hakuna daktari anayesubiri, kwa hiyo usilale Dar siku nzima kula hela, ila tiketi ya Dar hadi Kigoma akatukatia ile inayoruhusu kubadilisha kwa tozo badala ya ile rahisi kabisa, ili ya nje ikichelewa tusipoteze yote. Nimependa kwamba hakutulazimisha tahadhari ileile kila mahali, anapima kitakachopotea.

Dar kwenyewe msome namba ya jengo kwenye tiketi. Jengo la 3 la Julius Nyerere lilifunguliwa 2019 na ndege za nje zinaondokea huko, sisi ya Kigoma ilitushusha jengo la 2, na sio kwamba unavuka mlango, ni majengo tofauti unahitaji usafiri na mabegi yako, na mashirika yanaweza kuhamishwa jengo kwa hiyo usikariri ya mwaka jana. Kulala alituambia Kipawa au Majumba Sita, karibu na uwanja. Shangazi yetu yuko Kimara na alinuna kweli tulipomwambia hatuji kwake, nikamwelewesha kwamba shangazi kutoka Kimara hadi uwanjani na foleni ya Dar ni kama kuongeza ndege nyingine ya kukosa, mwishowe akaja yeye Kipawa na wali na samaki tukala wote. Kaunta za ndege za nje nyingi zinafungwa lisaa limoja kabla, ukifika dakika hamsini hata ulie hawakufungulii, kwa hiyo masaa matatu kabla ni sawa kabisa.

Kuhusu uaminifu mana najua watu wametapeliwa. Kuna mawakala wa mitandaoni wanakutumia picha imeandikwa jina lako na ndege na saa ukajua ndo tiketi, kumbe ni nafasi imeshikiliwa tu haijalipiwa na baada ya muda inajifuta. Tiketi halisi ina namba yake tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika, mbali na ile namba ya bukingi ya sita. Huyu dada kabla hujatoka anakwambia toa simu yako mwenyewe, ingia tovuti ya shirika, weka namba ya bukingi na jina, ujione. Ukijiona ndo unaondoka. Na jina lazima lifuate pasi ya kusafiria herufi kwa herufi. Mzee kwenye kitambulisho cha NIDA jina la kati liko tofauti na la kwenye pasi, akalishika mapema, kulirekebisha baada ya tiketi kutoka ni hela na usumbufu. Alikagua pia kama pasi ina zaidi ya miezi sita, na chanjo ya homa ya manjano mana cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, sio unachanjwa jana unasafiri leo.

Nisimsifie tu, kuna ambayo hayajakaa sawa. Sevisi chaji yake iko juu kuliko ofisi zingine za hapa mjini, kwa familia ya watu wengi inauma, na bora angeibandika ukutani watu waione kabla ya kukaa badala ya kuijua mwisho. Yuko peke yake, ukikuta mtu mbele yako anahojiwa kama sisi tulivyohojiwa utakaa sana, na viti ni viwili. Usiku simu hapokei. Hili naliona kubwa, mana ndege za nje ni za usiku na shida zinatokea usiku, mtu akikwama saa nane za usiku Dar anataka kuongea na aliyemuuzia. Nilimwambia, akasema anatafuta msaidizi, kwa hiyo kwa sasa kabla hujasafiri muombe namba ya huduma kwa wateja ya shirika lenyewe uiandike kwenye karatasi, sio kwenye simu tu. Na ngazi zile kwa mzee ni shida, baba mdogo tulimsaidia kupanda, angekuwa chini ingekuwa vizuri.

Jambo lingine ambalo ofisi hii inakuambia na wengi wanaouza tiketi hawataki kuligusa ni njia ya pili. Ukisikia ndege imefutwa na ya kesho imejaa na una siku moja tu mkononi, usikae uwanjani kulalamika mpaka jioni, wahi stendi ya Masanga uangalie basi la Dodoma, ukifika Dodoma unapanda treni ya SGR ambayo ilianza kufika huko 2024, hadi Dar ni masaa kama matatu na nusu hadi manne. Ni safari ndefu na ya kuchosha, mgonjwa simshauri, lkn mwanafunzi au mfanyabiashara mwenye ndege ya nje anawahi. Ila kabla hujaondoka uwanjani hakikisha wameandika kwenye mfumo kwamba ndege imefutwa na wao, omba ujumbe au karatasi inayothibitisha, na udai hela ya mguu huo. Wakikuzungusha unaanza kulalamika kwa shirika kwa maandishi, wasipojibu unapeleka TCAA, ndo wanaosimamia anga hapa nchini. Tunza risiti za chakula na gesti zote.

Wanaobeba mawese, mwambieni mapema. Mikebe ya mawese isiyofungwa vizuri inawakwamisha watu kwenye kaunta ya Kigoma, wanafungua, wanafunga upya kwa solotepu, foleni inasimama, alishatuambia tuyaweke kwenye dumu gumu ndani ya mfuko wa nailoni halafu ndani ya begi la kuingia chini, mkononi hayaruhusiwi kabisa. Migebuka mikavu wafunge kwenye boksi.

Nendeni asubuhi mapema kabla hapajajaa, mbebe pasi yenyewe sio kopi, na kama ni mgonjwa mbebe barua ya hospitali yenye tarehe ya miadi mana ndo kitu cha kwanza atakachouliza. Ijumaa mchana anafunga kwa ajili ya swala anarudi saa nane na nusu hivi, Jumapili hayupo. Malipo anapokea kwa simu au benki, na risiti anatoa hapohapo.